Kigari cha Mnadani

Wifi yangu Lilian ni msafi wa kukera. Ukiinuka kwenye kochi lake, kabla hujafika mlangoni ameshaupiga mto uliokalia na kuurudisha mkao. Akianika nepi, anazipanga kwa ukubwa. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Kikwe wanaosema yaliyotupata ni uchawi wa ukoo wetu, na wenye midomo mirefu zaidi wanamtaja mama yangu, Bibi Ndeshi. Waongo. Mama yangu anaimba kwaya ya akina mama tangu mimi sijazaliwa. Yaliyotupata yalitokana na usafi, na mimi nilikuwepo, sikusimuliwa.

Lilian alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Yeye na kaka yangu Sadoki wamepanga vyumba Kaloleni, mjini, lakini kwetu mzazi hakai uzazi kwenye nyumba ya kupanga. Sadoki akamleta nyumbani Kikwe, kwa mama, ale mtori na maziwa mpaka mashavu yarudi. Mimi naishi upande wa Tengeru na mwanangu Derick na mkewe Evelyn, ambaye naye alikuwa mjamzito. Kwa kuwa magoti ya mama hayamtaki tena, nilishuka Kikwe kumsaidia.

Mtoto alipewa jina la Bariki. Alikuwa na kidole cha sita kwenye mguu wa kushoto, kidogo kama punje ya mahindi. Nesi alitaka kukifunga uzi kidondoke, mama akakataa. "Mungu hakosei hesabu," alisema. Basi kikabaki. Na Bariki alikuwa na tabia moja iliyonimaliza kabisa: ukimbeba, anakishika kidole chako cha mwisho, anakibana mara mbili, ndipo anasinzia. Asipokipata halali. Nilikuwa namwambia Lilian kwamba mtoto huyu ni wangu, yeye amenibebea tu.

Kitovu chake kilipodondoka, mama alikizika chini ya mgomba nyuma ya jiko. Kwetu mgomba huo unakuwa wa mtoto. Maji anayoogea, maji ya kufulia nguo zake, yote yanamwagwa hapo. Hayamwagwi njiani watu wakayavuka. Na maji ya mtoto mwingine hayafiki pale, hata wawe wa tumbo moja. Mama alimweleza Lilian hayo siku ya kwanza, na Lilian, ambaye nyumbani kwao walishaacha mambo hayo, aliyashika kama anavyoshika kila kitu. Hakuna tone lililopotea.

Jumapili moja Sadoki alirudi kutoka kanisani akisukuma kigari cha mtoto. Alikuwa anacheka peke yake barabarani. Ninyi mnaosali kwetu mnajua mnada: ibada ikiisha, vile vitu vilivyoletwa kama sadaka, mkungu wa ndizi, jogoo, mayai, chupa ya maziwa, vinanadiwa pale nje, na fedha inabaki kanisani. Siku hiyo, katikati ya mikungu, kulikuwa na kigari cha Ulaya, cha bluu, kina paa la kukinga jua, mikanda ya kumfungia mtoto na kikanyagio cha plastiki cha kuwekea miguu. Kilikuwa kichafu. Sadoki alishindana na watu mpaka wakanyamaza.

"Kimetoka kwa nani?" mama aliuliza.

"Mama, ni cha mnada," Sadoki alisema.

Jibu hilo kwetu linatosha. Kitu cha mnada hakiulizwi. Kimeombewa, kimepita mbele ya madhabahu, ukikitilia shaka ni kama unamtilia shaka Mungu. Mama alichosema ni kimoja tu.

"Kwani migongo imekwisha?"

Asubuhi yake kulikuwa na jua safi, mlima umejifunua wote. Lilian alikuwa haruhusiwi hata kushika fagio, lakini alikitoa kigari uani akakaa kwenye kigoda na beseni lake. "Wifi, siwezi kumlaza mwanangu kwenye uchafu wa mtu," aliniambia. Mimi nilikuwa na sufuria ya mtori motoni, nikamwacha.

Alikisafisha kwa namna ambayo ningemlipa mtu anioneshe tena. Alivua kitambaa chote cha kiti, akakiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga. Penye ukungu alipaka limao na chumvi, akapaacha juani. Mikanda aliisugua kwa mswaki wa zamani, na makombo yaliyogandamana ndani ya kifungo akayachokoa kwa pini. Akachomoa magurudumu. Kwenye vyuma vyake kulikuwa kumejiviringisha nywele, kama unavyokuta kwenye gurudumu lolote, ila hizi zilikuwa laini sana, za mtoto, na zilikuwa nyingi. Alizivuta zikaja na kuja. Akatia mafuta ya cherehani, akazungusha magurudumu, akajaribu breki. Mwisho akabaki na kikanyagio.

"Wifi, njoo uone," aliniita.

Kwenye plastiki ile kulikuwa na nyayo za matope makavu. Jozi mbili, moja kubwa kidogo kuliko nyingine, zote za watoto ambao bado hawajatembea. Unajua unyayo wa mtoto mchanga, hauna bonde katikati. Nikacheka, nikasema wenyewe walikuwa na watoto wawili. Akazisugua mpaka zikatoka, maji ya beseni yakawa ya kahawia. Akayabeba.

Mama alikuwa anatoka chumbani akamkuta Lilian anarudi na beseni tupu.

"Umemwaga wapi?"

"Kwenye mgomba wa Bariki, mama. Kama ulivyoniagiza."

Mama alishika mlango. Alikaa chini polepole, pale pale kizingitini, mahali ambapo hakai mtu.

"Maji ya Bariki yamwagwe pale, ndiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Haya yalikuwa maji ya nani?"

Lilian akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria. Nilimkasirikia mama kwa kumtia hofu mzazi kwa sababu ya maji machafu.

Kesho yake kando ya mgomba wa Bariki kulikuwa na chipukizi. Hilo si ajabu, migomba huchipua. Lakini lilikuwa limeshafika magotini. Na kigari, ambacho Lilian alikiacha barazani mikanda wazi ili ikauke, kilikuwa kimefungwa mkanda, umekazwa vizuri kwa mtu mdogo. Kwenye kikanyagio nyayo zilikuwa zimerudi. Lilian hakupiga kelele. Alileta beseni.

Alizisugua siku hiyo, zikarudi. Akazisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa dawa ya choo mpaka mikono ikachubuka. Maji akawa anayamwaga mbali, shambani kwa jirani. Haikusaidia. Kila zikitoka, asubuhi zipo, na zina unyevu.

Bariki akaacha kunyonya. Si kwamba aligoma kabisa, alikuwa anashika titi, anavuta kidogo, kisha anageuza uso na kutazama barazani. Akaanza kukonda. Tulimpeleka hospitali, wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, mama yake ale vizuri. Mgomba wake nao ukaanza kukauka majani kutoka pembeni. Chipukizi likanenepa. Ukiligusa shina lilikuwa na joto, na tulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao Kikwe hata mbwa wanaota moto.

Mama alilikata kwa panga. Asubuhi lilikuwa limesimama pale pale, limempita kiuno, na Bariki alikuwa hawezi kulia kwa sauti.

Sadoki akakitoa kigari hadi shambani, akakimwagia mafuta ya taa, akawasha. Moto ulishika paa. Ndani, mikononi mwa mama yake, Bariki alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtoto wala kwa mnyama. Ngozi yake ikawa ya moto. Nilikimbia na ndoo nikamwagia kigari maji mimi mwenyewe. Moto ulipozimika, mtoto akanyamaza. Kitambaa cha paa hakikuwa hata na alama.

Siku hiyo ndipo Lilian alipotuonesha kikanyagio. Katikati ya zile jozi mbili ilikuwa imeanza ya tatu. Hafifu sana, kama umepulizia vumbi. Unyayo wa kushoto ulikuwa na vidole sita.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lilian hakulia. Alijifunga kanga, akaenda mwenyewe hadi kwa Mzee Frederick, mzee wa kanisa anayenadi, akamuuliza kigari kililetwa na nani. Mzee alikumbuka. Aliyekileta si msharika wetu. Ni yule mama anayeuza mabeseni na ndoo soko la Tengeru, anaitwa Kandida. Alikishusha mlangoni, akakataa kutajwa.

Tulikwenda siku ya soko, mimi na Lilian. Jua lilikuwa linawaka, watu wamejaa, nyanya zimemwagwa chini kila mahali. Kandida tulimkuta kwenye kivuli cha turubai, amezungukwa na mabeseni ya kila rangi. Mwanamke mzuri, mnene kiasi, macho yamechoka. Nyuma yake, ndani ya beseni kubwa jekundu, alikaa mtoto wa kike kama wa miaka miwili. Alikuwa amenona, mashavu yanang'aa. Hakuwa anacheza na kitu. Alikuwa anatutazama.

Lilian alianza kumsalimia, Kandida akamkatiza.

"Nyayo ni ngapi sasa?"

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli mbele za Mungu, niliangalia beseni zito nikalipima kwa macho. Lilian akajibu kwa adabu, kama yuko kwa daktari.

"Jozi mbili. Na ya tatu imeanza."

"Nilipokinunua mimi ilikuwa moja," Kandida alisema. "Mlishajaribu kuchoma?"

"Ndiyo."

"Hata mimi." Alipanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Niliuziwa mnadani, huko kwetu. Nikakiosha. Mwanangu Elinipa akakauka mpaka nikawa naona mishipa ya kichwani. Sikiliza, dada. Kinamfuata anayekiosha. Acha kukiosha. Kiache kichafuke, kipeleke mnada wa mbali wasikokujua, mtu mwingine akioshe. Siku hiyo hiyo mtoto wako atanenepa."

"Kweli atapona?" Lilian alinong'ona.

"Si unamwona huyo?"

Tukamtazama mtoto kwenye beseni. Afya tele. Wakati huo alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kwa Kandida, anataka kubebwa. Kandida alisogeza ndoo kwa mguu ikakaa kati yake na mtoto, akaendelea kupanga sahani. Nilifikiri ni mama asiyejua kudekeza.

"Una roho mbaya," nikamwambia.

"Nilikuwa na mtoto mmoja," alijibu. "Wewe ungefanya nini?" Na alitabasamu, mara ya kwanza, akimtazama Lilian. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekaa peke yake muda mrefu sana, akasikia mwenzake anabisha hodi.

Njiani nilimwambia Lilian maneno makali. Nilimwambia sisi ni watu wa Mungu, hatuwezi kumtwika mwenzetu mzigo huu. Kama ni kukiondoa, kiende korongoni huko juu mlimani, kitupwe chini kabisa wasikopita watu, asikioshe mtu tena hadi mwisho wa dunia. Aliitikia kila neno. "Sawa, wifi. Sawa." Tangu siku hiyo hakukiosha. Alikiweka chini ya mparachichi wa jirani ambapo kuku wanalala, akakipakaza uji, akakitazama kikichafuka. Mtu ambaye hawezi kuona kombo mezani. Nilimwonea huruma.

Jumapili Sadoki aliita bajaji asubuhi. Wakasema wanakwenda korongoni, wote wawili. Lilian alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la kanisani na viatu vya kisigino. Niliona. Nikadhani wanapitia ibada wakirudi.

Nilibaki na mama na Bariki. Alikuwa mwepesi, nilihisi nguo zaidi kuliko mtoto. Nilikaa naye barazani juani, amevaa soksi, kidole chake kwenye kidole changu. Alikuwa anakibana bado. Mara moja. Kisha muda mrefu. Kisha mara ya pili, kwa shida. Niliimba zile nyimbo ninazozijua mpaka zikaisha.

Kengele za kanisa zilikuwa zimeshanyamaza, watu watakuwa wametoka ibadani na mnadani, jua limeshapita utosini. Bariki akakiachia kidole changu.

Nilijua amekufa. Niliinamisha uso kumsikiliza, na pale pale akawa mzito. Ghafla, kama mtu ameniwekea gunia mapajani. Akavuta pumzi ndefu. Akafungua macho, yakiwa safi, hayana ile homa, akanitazama mimi, akautazama mlima, akatazama mikono yake mwenyewe kwa muda. Kisha akacheka. Mtoto ambaye alikuwa hajaanza kucheka.

Nilipiga vigelegele mpaka mama akaja anatambaa. Nilimpa kidole changu cha mwisho akishike, hakukitaka. Nikadhani ni njaa.

Walipofika, Lilian hakuuliza kitu. Alimnyakua, akampa titi, na mtoto alilivuta kwa nguvu hadi mama yake akauma mdomo. Alinyonya akahamia la pili. Lilian alikuwa analia na kucheka, machozi yanamdondokea mtoto usoni, na mtoto hakupepesa. "Mwanangu amerudi," alikuwa anasema. "Amerudi, wifi." Sadoki alisimama nyuma anatazama viatu vyake. Nikauliza kama korongo lilikuwa refu. Wakasema lilikuwa refu.

Nyuma ya jiko, mgomba wa Bariki ulikuwa umeanguka. Chipukizi lilikuwa limesimama.

Nilirudi kwangu Tengeru jua likiwa bado halijazama, moyo mweupe kabisa. Evelyn alikuwa uani, tumbo mbele, anaimba. Kamba yote ya nguo ilikuwa imejaa vitambaa vya bluu vinachuruzika maji. Chini yake, magurudumu yamepangwa juu ya gazeti. Mwili wa kigari umesimama katikati, unang'aa.

"Shikamoo mama. Umekuja wakati mzuri," alisema. "Angalia Derick alichoninunulia mnadani leo."

Asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa Kikwe, nimembeba mtoto wa watu, nikiimba.

Niliuliza aliyekileta ni nani. Evelyn alisema hawakutangaziwa, ila anti Lilian na mjomba Sadoki walikuwepo, walikaa nyuma kabisa. Alishangaa kuwaona, maana hata yeye na Derick walikuwa wageni usharika ule. Derick alipoanza kushindana bei, alisema, anti alisimama kama anataka kusema kitu. Mjomba akamshika mkono. Akakaa.

"Derick aliposhinda watu wote walipiga makofi," Evelyn alisema. "Na anti alipiga, mama. Ila alikuwa amefumba macho."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Maji ya beseni yalikuwa yameshamwagwa, na sikuhitaji kuuliza, ardhi ilikuwa imelowa hadi kwenye mgomba kando ya jiko. Ule mgomba niliuchagua mwenyewe, kwa ajili ya kitovu cha mjukuu wangu.

"Kila kitu kimetakata," Evelyn aliendelea, "isipokuwa haya madoa hapa chini. Nimesugua mpaka mgongo unauma. Haya makubwa yanatoka yanarudi. Ila haya ya katikati hayatoki kabisa. Angalia, ni kama yamechongwa."

Niliangalia. Jozi tatu. Ya katikati haikuwa hafifu tena. Ilikuwa imezama kwenye plastiki, nyeusi, kila kidole mahali pake. Mguu wa kushoto, vidole sita.

Nilimpigia simu Sadoki. Nilikuwa nimepanga matusi yote ya Kimeru ninayoyajua, na ninayajua mengi. Hata moja halikutoka.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Mzima, dada. Ananyonya utadhani amefungiwa mwaka mzima." Kisha akashusha sauti, kama hataki mkewe asikie. "Kuna kitu. Nimemvua soksi nimwogeshe. Kile kidole hakipo."

"Kimedondoka?"

"Hakuna hata kovu, dada. Kama hakikuwahi kuwepo."

Nyuma yake nilimsikia Lilian akimwimbia mtoto, kwa furaha, sauti yake nzuri. Nikamwona tena akilini Kandida na ndoo yake, akiiweka kati yake na ile mikono miwili iliyonyooshwa. Alijua. Alitudanganya akijua, na Lilian amempigia makofi mtoto wa mwingine akiingia shimoni ili amrudishe wake, na wake hakurudi. Aliyeko mikononi mwake sijui ni nani. Sikumwambia Sadoki. Nilikata simu.

Evelyn alikuwa ameingia ndani kutafuta mafuta ya cherehani. Uani nilikuwa peke yangu, jua linashuka, kuku wanatafuta pa kulala. Mkanda wa kigari ulikuwa umefungwa. Nilijiambia nitakifunga kamba, nitakiburuta hadi korongoni mimi mwenyewe, usiku huu huu, nikitupe, liwalo na liwe. Mjukuu wangu kwanza.

Nilipeleka mkono kufungua kile kifungo.

Kitu kikakishika kidole changu cha mwisho. Hakikuwa na nguvu. Kikakibana. Nikasubiri, sipumui. Kikakibana mara ya pili.

Na sikukitupa kigari. Mnielewe. Ningemtupa nani?

Leo alfajiri Evelyn ameanza uchungu. Derick amempeleka hospitali, mimi nimesema nabaki kuandaa mtori. Kigari kiko hapa barazani. Nyuma ya jiko pana chipukizi, limeshafika magotini. Jumapili kuna mnada kule juu Poli, ambako hakuna anayenifahamu, na mtoto wangu mmoja yuko ndani ya kigari na mwingine yuko njiani kuja.

Kwenye kidole changu cha mwisho kuna alama, nyembamba, ya duara, ya vidole vidogo. Nimeiosha kwa sabuni ya unga. Nimeiosha kwa limao na chumvi, nikaiweka juani. Haitoki.